Raketi ya kwanza ya badminton: nichague ipi, na niitunzeje?

MpigaHewa aliandika:

Habari za saa hizi wadau. Mimi ni mgeni kabisa kwenye badminton, nina miezi miwili tangu nianze, nacheza siku mbili kwa wiki. Jina nililojipa hapa si utani: wiki ya kwanza nilipiga hewa kuliko nilivyopiga kinyoya, kile kimpira chenye manyoya.

Nilianza na raketi mbili zilizokuwa zinauzwa pamoja kwenye mfuko mmoja, zile za alumini ambazo shafti imeunganishwa na kichwa kwa kiungo kinachoonekana kwa macho. Moja ikaanza kulia kama njuga kila nikipiga, na juzi nimegundua kichwa kimejipinda: ukiilaza mezani, upande mmoja unanyanyuka. Rafiki yangu ambaye amecheza miaka mingi akanionea huruma, akaniazima ya kwake. Nyeusi, inang'aa, nyuzi zimekazwa hadi ukizigonga kwa ukucha zinalia "ting". Nikasema leo ndiyo leo. Wapi! Nikipiga kinyoya kutoka nyuma ya uwanja kinaangukia katikati, wakati kwa ile mbovu yangu kilikuwa kinasogea mbele zaidi. Halafu baada ya saa moja kiwiko kikaanza kuuma kwa upande wa nje, mpaka kufungua chupa ya maji ikawa kazi.

Sasa nataka kununua yangu. Kwenye raketi naona maandishi kama 4U G5 na 20–28 lbs, na muuzaji kila ninayoishika ananiambia "hii ndiyo wanayotumia mabingwa". Hayo maandishi yanasema nini? Raketi ya rafiki yangu ina kasoro, au kasoro ni mimi? Na nikishanunua, niitunzeje isiende njia ya zile mbili?

KasiNne alijibu:

Kasoro ni wewe mkuu, usinichukie. Ushauri wangu: nunua moja kwa moja raketi yenye kichwa kizito na shafti ngumu, kaza nyuzi pauni 27, jizoeze nayo. Ukinunua ya wanaoanza, baada ya miezi sita utarudi dukani. Rekodi ya smashi, lile pigo kali la kushusha kinyoya, ni kilomita 565 kwa saa, na hiyo haikupigwa kwa raketi laini laini.

FundiNyuzi alijibu:

Nakaza nyuzi za raketi jioni nikitoka kazini, huu mwaka wa tisa. Kama mchezaji mimi ni wa kawaida tu, vijana wananifunga wakiwa wanapiga soga. Lakini raketi zilizokufa nimezishika nyingi, na kwenye droo ya meza yangu nina vichwa kumi na kitu vilivyovunjika ambavyo wenyewe hawakutaka hata kuondoka navyo. Kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza mtu wa mochwari: mambo ya kuishi hajui sana, ila anajua watu wanakufa kwa nini.

Raketi ya rafiki yako ni nzima. Na wewe ni mzima, ukitoa hicho kiwiko. Hamjalingana tu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na raketi ya kuazima haisitiri kiwiko.

Tuanze na kitu unachokipiga. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 na uzito wa kati ya gramu 4.74 na 5.50. Gramu tano! Kitu chepesi hivyo hakiendi mbali kwa sababu umekipiga na kitu kizito au kigumu; kinakwenda kwa kasi ya kichwa cha raketi pale kinapokigusa. Na wewe, miezi miwili, mkono wako bado hauna kasi hiyo. Bado unapiga kwa bega zima badala ya kuzungusha mkono wa mbele na kubana vidole dakika ya mwisho. Hilo litakuja lenyewe. Kwa sasa unahitaji raketi inayokusaidia kwa kile ulichonacho.

Shafti, ile fimbo nyembamba kati ya mpini na kichwa, hujikunja kidogo unaporusha mkono na kujinyoosha unapogusa kinyoya. Shafti laini hujikunja hata kwa mkono wa polepole, kwa hiyo inakurudishia kitu. Shafti ngumu inasubiri mkono wenye kasi. Usipokuwa nao, haijikunji, na umeshika fimbo tu. Rafiki yako anaikunja. Wewe huikunji. Ndiyo maana kinyoya kinaishia katikati.

Halafu nyuzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko watu wengi wanakopotea. Watu wanadhani nyuzi zikikazwa sana ndiyo zinapiga mbali. Ni kinyume. Nyuzi zikiwa na ulegevu kiasi zinabonyea kinyoya kinapotua, kisha zinakirusha, kama mtoto anaporukaruka kitandani. Ukizikaza sana zinakuwa kama ubao: kinyoya kinakwenda kadiri ya nguvu uliyoleta mwenyewe, basi. Faida ya kukaza ni kukiweka kinyoya mahali hasa unapotaka, na hiyo ni faida kwa mtu ambaye tayari anajua anapotaka. Isitoshe, kadiri unavyokaza ndivyo lile eneo zuri la katikati ya kichwa linavyopungua. Mchezaji mpya anapiga kila mahali, juu, chini, pembeni, na kila akikosa katikati mtikisiko wote unashuka kwenye shafti, mkononi, hadi kwenye kiwiko. Yale maumivu ya upande wa nje unayoyasema nayajua kwa jina na kwa ukoo.

Nayajua kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilikwenda kwa fundi mmoja nikamwambia "niwekee 28". Kwa nini 28? Kwa sababu nilikuwa nimesikia wachezaji wa televisheni wanaweka 28, 30. Fundi hakuniuliza neno, akaweka, akachukua hela yake. Wiki ya tatu nikawa nashika mswaki kwa mkono wa kushoto. Nilikaa nje miezi miwili. Tangu hapo kila anayeniletea raketi namuuliza kwanza anacheza mara ngapi na amecheza muda gani, hata akinikunjia uso.

Kwa hiyo wewe: pauni 20 hadi 22. Pauni 22 ni kama kilo 10, yaani kila uzi kichwani mwa raketi umevutwa kwa nguvu ya kubeba ndoo ndogo ya maji. Sio kidogo. Ile "20–28 lbs" uliyoiona ni kipimo ambacho mtengenezaji anakubali fremu ivumilie; ukizidisha hapo na fremu ikapasuka, hakuna wa kumlaumu.

Sasa maandishi. 4U ni daraja la uzito wa raketi ikiwa haina nyuzi: 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni 80 hadi 84, 5U ni 75 hadi 79. Namba ikipanda, uzito unashuka. G ni unene wa mpini, na kwa watengenezaji Yonex pia mambo yako kichwa chini miguu juu: G5 ni nyembamba kuliko G4. Watengenezaji wengine wana alama zao, hivyo kabla ya kuamini herufi, shika mpini. Chukua 4U. 5U pia sawa, hasa ukicheza wawili wawili zaidi. Kuhusu mpini, watu wengi nawapa G5 kwa sababu moja tu: mpini mwembamba unaweza kuunenepesha kwa utepe, mnene huwezi kuuchonga.

Kuna jambo ambalo mara nyingi halijaandikwa wazi kwenye raketi, nalo ndilo ningekwambia ulitazame kuliko yote: uzito umekaa wapi. Fanya hivi dukani, usione haya. Nyosha kidole cha shahada, ilaze raketi juu yake ikae kama mizani, isogeze taratibu mpaka itulie bila kuanguka upande wowote. Kisha pima kutoka kitako cha mpini hadi kidoleni. Ikiwa ni kati ya milimita 285 na 295, au karibu na hapo, uzito umegawanyika sawa. Ikizidi, kichwa ni kizito. Ikipungua, kichwa ni chepesi. Kichwa kizito kina mzuka wake kwenye smashi, sikatai, lakini mpinzani akikurudishia kinyoya kifuani bado uko njiani unanyanyua kichwa cha raketi. Anza na iliyogawanyika sawa. Ukishajijua unapenda kushambulia au kujilinda, utahama.

Urefu usikusumbue. Sheria za mchezo zinasema fremu isizidi milimita 680 kwa urefu na 230 kwa upana, na karibu raketi zote za watu wazima ziko chini kidogo ya hapo.

Umbo la kichwa: kuna la yai na kuna lile ambalo juu ni kama limekatwa, limepanuka mabegani. Chukua hilo la pili, eneo zuri la katikati ni kubwa zaidi. Na iwe ya kaboni, au grafiti kama wanavyoiandika wengine, shafti na fremu zikiwa kitu kimoja. Zile zako za alumini hazikukosea kitu. Hicho kiungo ndicho hulegea, ndicho kilichokuwa kinalia njuga.

Ndugu yangu KasiNne, ile kilomita 565 ni ya Satwiksairaj Rankireddy, Mhindi, ilipimwa mwaka 2023. Huyo ni mtu wa kiwango cha dunia, na smashi ndiyo ugali wake. MpigaHewa anataka kinyoya kifike nyuma ya uwanja.

Utunzaji nitauandika kesho, kuna raketi mbili mezani zinanisubiri.

MkonoWaKushoto alijibu:

Naunga mkono hoja ya mpini. Mimi nilinunua mnene nikidhani mkono mkubwa unataka mpini mkubwa. Kumbe vidole vinatakiwa vipate nafasi ya kubana. Nikauza kwa hasara.

FundiNyuzi alijibu:

Nimerudi. Utunzaji.

Katika raketi zangu za droo, ni wachache sana walioua raketi kwa kupiga kinyoya. Wengi waliua kwa kugonga kitu kingine. Nambari moja ni raketi ya mwenzako: mnacheza wawili wawili, kinyoya kinakuja katikati, wote mnakitaka, "kwaa!" Dawa yake haiuzwi dukani. Kubalianeni kabla ya mchezo nani anachukua cha katikati, na ukisikia mwenzako amesema "changu", shusha mkono hata kama una hakika ungekipiga vizuri zaidi. Nambari mbili ni sakafu: kuokota kinyoya kwa kukikwangua kwa ukingo wa raketi. Kuna watu wanafanya hivyo kwa madaha, kinyoya kinarukia juu kama mazingaombwe. Rangi ya fremu inachubuka, kaboni inabaki uchi, na kila mkwaruzo mpya unachimba hapo hapo. Inama uokote. Nambari tatu ni hasira, nayo haihitaji maelezo; wanaoniletea raketi hizo huwa wanasema "imeanguka tu".

Baada ya kila mgongano, ikague. Mkwaruzo wa rangi si ufa. Pitisha ukucha taratibu kuzunguka fremu yote, ndani na nje: rangi iliyobanduka utaihisi kama ganda, ufa utaukamata ukucha. Kisha igonge kidogo kwa kifundo cha kidole ukiwa umeishika shafti. Fremu nzima ina mlio mkavu, iliyopasuka inatoa sauti ya bubu. Ukikuta ufa, usikaze tena nyuzi juu yake. Nilishawahi kumkubalia mtu aliyenisihi, "weka tu pauni 18 taratibu." Fremu ilipasukia kwenye mashine mbele ya macho yangu, nikabaki na kibano mkononi na yeye na jicho lake. Sikumlipisha, ila na yeye hakurudi tena.

Sasa jambo ambalo linaokoa raketi nyingi kuliko yote na linachukua nusu dakika. Siku uzi utakapokatika, na utakatika, usiingie tena uwanjani kumalizia pointi, na usiitupie kwenye begi ukisema fundi ataiona Jumamosi. Fremu imetulia kwa sababu nyuzi zinaivuta kutoka pande zote, kama kitanda cha kamba. Uzi mmoja ukiachia, upande mmoja umelegea na mwingine bado unavuta kwa kilo zake zilezile, na fremu ya kaboni inaanza kuelekea kule inakovutwa. Ukisubiri siku tatu, kichwa kimeshachukua umbo lingine. Chukua mkasi hapo hapo. Anzia katikati ya kichwa, kata uzi mmoja wa wima, kata wa mlalo unaopishana nao, nenda wa jirani, wima, mlalo, ukitanuka kwenda nje kwa mshazari, ili mvuto upungue pande zote kwa pamoja. Usianze pembeni ukafyeka kama majani. Ukimaliza, ule wavu uliokatika uache ulivyo; fundi ataung'oa.

Usiutupe uzi kabla hujautazama. Umekatika karibu na ukingo wa fremu, hasa juu? Ulipiga vibaya, nje ya eneo zuri. Umekatika katikati na ukiutazama karibu kuna vijimfereji pale nyuzi zinapopishana? Huo umetumika ukaisha kihalali, ujipongeze. Mchezaji mpya nyuzi zake hukatikia juu. Mimi naweza kujua mtu amefikia wapi bila kumuona akicheza.

Uzi wa kuanzia: mnene, milimita 0.70. Wa 0.66 una mlio mtamu na unarusha vizuri lakini kwa anayepiga ukingoni kila mara ni hasara tupu. Na nyuzi zinalegea hata raketi ikiwa imetundikwa ukutani, siku ya kwanza zaidi kuliko nyingine, kwa hiyo zisipokatika mwaka mzima usifurahi. Wachezaji wana kanuni yao ya mkono: hesabu unacheza mara ngapi kwa wiki, kaza nyuzi mara hizo hizo kwa mwaka. Wewe wa siku mbili, mara mbili.

Ukienda kwa fundi, angalia mambo mawili. Mashine yake inashika kichwa cha raketi sehemu kadhaa kuzunguka, au ncha mbili tu? Ncha mbili zitakikunja. Na je, ana uzoefu wa badminton, au ni fundi wa raketi za tenisi anayejaribu? Nasema haya kwa heshima ya mafundi wenzangu, ila nimepokea fremu za badminton zilizokazwa kitenisi zikiwa na umbo la papai. Mwombe pia atazame vile vijipete vya plastiki ambamo nyuzi zinapita. Kimoja kikipasuka, uzi unasuguana na kaboni yenyewe, na kaboni ina meno. Uzi mpya kabisa utakatika ndani ya wiki na utamlaumu muuzaji wa uzi.

Joto: usiache raketi kwenye gari juani. Kibanda cha gari kilichofungwa mchana kinageuka tanuri, nyuzi zinalegea na gundi iliyoshika kaboni haipendi hali hiyo. Niliacha yangu nyuma ya kioo alasiri moja tu, nikaikuta mlio wake umeshuka kama gitaa lililolegezwa. Kwenye begi, usiiwekee viatu wala chupa juu.

MpigaHewa aliandika:

Fundi, shikamoo. Nimesoma mara mbili na nimemsomea rafiki yangu sehemu ya kitanda cha kamba, kakaa kimya kidogo halafu akasema "ndiyo maana". Inaonekana naye ana raketi yake ya droo.

Swali la nyongeza. Mimi natokwa jasho sana mkononi. Mpini unanizungukia, naushika kwa nguvu, halafu mkono unachoka. Nikanunue glovu?

FundiNyuzi alijibu:

Marahaba. Glovu hapana, utapoteza hisia za vidole.

Unaushika kwa nguvu kwa sababu unateleza, na unapiga vibaya kwa sababu umeushika kwa nguvu. Mshiko wa badminton ni kama wa kumshika kifaranga: asikutoroke, asife. Unabana pale tu unapogusa kinyoya, kisha unalegeza. Kwa hiyo tibu utelezi kwanza.

Ule utepe mnene uliokuja na raketi uache, na juu yake zungusha utepe mwembamba wa kubadilisha. Anzia kitakoni, ile ncha iliyochongoka, na uuvute kiasi cha kunyooka bila kuukamua. Kila mzunguko uulalie ule wa chini yake kwa milimita mbili tatu, hivyo unabaki na vijituta ambavyo vidole vinavipenda. Ukifika juu, kata mshazari, funga kwa ule utepe mdogo wa gundi. Ukimaliza, shika mpini na uusokote kama unavyopiga: pindo za utepe zikijinyanyua, umezungusha upande usiofaa kwa mkono wako, fungua uanze upya kwa upande wa pili. Wenye jasho jingi sana hutumia wa kitambaa cha taulo na unga wake. Unafyonza vizuri ila ukiuacha bila kuubadilisha unanuka kama soksi ya msafiri.

Utepe ukianza kuwa mweusi na unang'aa, umekwisha. Na ukimaliza kucheza usiifungie raketi kwenye begi na fulana iliyolowa. Iache mpini upate hewa hadi ukauke. Mipini mingi ndani ni mbao, na mbao iliyolowa jasho wiki baada ya wiki inaoza polepole chini ya utepe. Usiioshe bombani pia, hata kama imechafuka vipi; kitambaa chenye unyevu kinatosha.

MkonoWaKushoto alijibu:

Nathibitisha habari ya kuoza. Nilifungua utepe wa raketi ya kaka yangu, ukungu wa kijani ulikuwa umejaa. Yeye alikuwa anasema raketi "ina harufu ya ushindi".

KasiNne alijibu:

Fundi umenishambulia hadharani lakini nina swali la dhati. Mimi natumia kichwa kizito, pauni 27, na sijaumwa. Kwa nini mimi sijaumwa?

FundiNyuzi alijibu:

Umecheza miaka mingapi?

KasiNne alijibu:

Sita. Na ya kwanza... sawa. Ya kwanza ilikuwa ya kaka yangu, kichwa chepesi, nyuzi zimelegea kama chandarua.

FundiNyuzi alijibu:

Basi ulifundishwa na chandarua. Msalimie kaka yako.

MpigaHewa aliandika:

Nimerudi baada ya mwezi na siku kadhaa, niliahidi kuleta matokeo.

Nilinunua 4U G5 ya kaboni, shafti laini. Nilipoilaza kidoleni dukani muuzaji alidhani nafanya kiini macho, akaja kutazama na yeye. Tukapima kwa futi ya fundi cherehani: milimita 291. Akaanza kuzipima na nyingine zote ukutani, nikamwacha anaendelea. Ilikuwa haina nyuzi, nikaomba uzi wa 0.70, pauni 21. Yule fundi aliniuliza "una uhakika? vijana wote wanataka 26." Nikamwambia kiwiko kina uhakika.

Kinyoya kinafika nyuma. Sio kila mara, lakini siku ya tatu nilipiga kimoja kikatua karibu kabisa na mstari wa mwisho, mpinzani akakitazama tu kwa sababu hakutegemea. Kiwiko kimetulia, sijaamka nacho kinauma wiki mbili hizi.

Sasa habari yenyewe. Jana, tukiwa 19 kwa 18, uzi umekatika "pah!" Wenzangu wakasema malizia, zimebaki pointi mbili tu. Nikawaomba radhi, nikaenda kwenye benchi. Sikuwa na mkasi, nikaazima kikata kucha kwa dada mmoja, nikaanza katikati: wima, mlalo, wima, mlalo. Na kikata kucha ni shughuli. Watu wamesimama wamenizunguka kama wanaangalia oparesheni, mmoja akauliza kama nimekasirika. Nilipomaliza niliilaza kwenye benchi, nikainama nikaitazama usawa wa macho. Haikunyanyuka upande wowote.

Uzi umekatikia juu kabisa, karibu na ukingo. Najua maana yake, usiniambie.

FundiNyuzi alijibu:

Siambii. Nani alishinda?

MpigaHewa aliandika:

Niliazima ile nyeusi ya rafiki yangu kumalizia. Tumefungwa 21 kwa 19.